Anayefunga Ndiye Anayeanguka

Sironga, Nyamira
Jumapili, 9 Juni 1974

Kwa Shemeji Jeconia Okeyo,

Salamu nyingi. Jambo ninalotaka kukuandikia sijawahi kumwambia mtu yeyote, si Mama, si dada yangu Abigael ambaye ni mke wako, wala mwenzangu wa dawatini. Kila Jumapili ninapopanda pikipiki yako kwenda sokoni, nikifika kona ya mikaratusi, nashuka. Nazima injini, naisukuma kwa mikono mpaka kona iishe, halafu napanda tena na kwenda zangu.

Nimefanya hivyo tangu ilipoletwa kwetu juu ya lori la majani chai. Watu wanaochota maji pale bondeni wamezoea. Wanadhani mashine ina ugonjwa unaoishika mahali pale pale. Leo Mama Ombui ameniita kutoka kisimani: "Alfayo, bado inakohoa hapo tu?"

Nikasema, "Ndiyo, mama. Ni plagi."

"Basi hiyo plagi ina pepo," akasema, na wasichana wakacheka mpaka wengine wakamwaga maji.

Kupanda najua. Ulinifundisha mwenyewe uwanjani, mwaka wa harusi yenu. Kwenye njia iliyonyooka siogopi kitu. Lakini kona inapokaribia, naona mtaro tu. Sioni barabara tena. Najiona nimelala ndani ya mtaro ule, na pikipiki juu yangu, na miwani yangu mbali kidogo kwenye majani. Sijawahi kuanguka hata mara moja. Labda ndiyo sababu naogopa hivi: sijui kukoje.

Abigael alinifikishia ujumbe wako. Alisema Nyangate wa Tabaka anataka kuinunua abebee vinyago vyake vya mawe, na kwamba hutamwuzia kama nitaingia mbio za pikipiki za wanaoanza pale Kisii mwezi wa Agosti na kuzimaliza. Shemeji, nataka sana isiende. Darasani nikiulizwa swali najua jibu, lakini sauti hainitoki. Wenzangu wananiita Maktaba, kwa sababu ndani yangu kuna maneno mengi na kuna kimya. Juu ya pikipiki, njia ikinyooka, ndipo mahali pekee nisipoona haya. Lakini uwanja wa mbio ni duara, na duara ni kona isiyoisha.

Ningekuja kukuuliza ana kwa ana, ila unanijua: ningekunywa chai na kuondoka bila kusema. Nawe huwezi kuja hapa ovyo, maana chinsoni, mila yetu ya heshima, haikuruhusu. Mkwe haingii kwa mama mkwe kama anaingia hotelini. Ndiyo maana naandika. Nifanye nini?

Ni mimi shemeji yako,
Alfayo Onsongo


Kisii Mjini
Jumamosi, 15 Juni 1974

Omera Alfayo,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimeketi juu ya tairi, nikacheka mpaka tajiri wa gereji akauliza kama nimerithi ng'ombe. Usikasirike. Kusukuma Honda yenye afya kuzunguka kona! Hata punda angekuonea huruma.

Ni kweli siwezi kuja. Mara ya mwisho nilipofika kwenu, mama yako alijificha nyuma ya ghala, mimi nikajificha nyuma ya baba yako, tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Mkwe akionekana mara nyingi huanza kunuka kama samaki, na mimi natoka ziwani, sihitaji kuongezewa. Tuandikiane tu.

Mambo ya Nyangate ni kweli. Pikipiki isiyopandwa na mtu wa kuipanda inakufa. Ukiingia mbio na kumaliza, hata ukiwa wa mwisho, itabaki kwenu na utaipanda kama yako. Usipoingia, Nyangate anaichukua, na itamaliza maisha yake ikibeba viboko wa mawe kupeleka kwa watalii.

Sasa sikiliza. Najua unachofanya ukikaribia pale, ingawa hukuniandikia. Unafunga. Usinibishie, nimeona wengi kabla yako. Kila anayeogopa hufunga. Anadhani kufunga kutamwokoa. Nakuambia ukweli, shemeji: anayefunga ndiye anayeanguka. Acha kufunga kabisa. Fungua, hata kidogo tu, kisha uingie konani ukitazama unakokwenda. Mtaro usiutazame, haujakuita.

Mguu wangu una baridi kidogo siku hizi, lakini kazi inakwenda. Mtoto wetu Anyiko ameota jino.

Wako,
Jeconia Okeyo


Sironga, Nyamira
Jumatatu, 24 Juni 1974

Kwa Bwana Jeconia Okeyo,

Barua yako ilinifikia, nikaisoma mara nyingi nikitafuta kama kuna mahali nimekosea kuelewa. Sikupata.

Sijui ni nani aliyekuambia kwamba nafunga. Nilidhani ni jambo kati yangu na Mungu. Sikufunga ili nionekane na watu, kama Mafarisayo. Nilifunga kwa sababu naogopa, na tangu utoto nimefundishwa kwamba aliye katika hofu hufunga na kuomba. Wewe si wa kanisa letu, na sikuwahi kukucheka kwa jambo la imani. Iliniuma kidogo kusoma kwamba kufunga ndiko kunakoangusha.

Lakini wewe ni mkubwa wangu, na mashine ni yako, kwa hiyo nilitii. Jana nilifungua kabla hata ya kutoka nyumbani. Nilifungua vizuri, sikubakiza. Mama alishangaa sana. Kisha nikaenda moja kwa moja mpaka kona ya mikaratusi, na kwa mara ya kwanza sikushuka.

Nilianguka katikati ya kona. Gurudumu la mbele liliteleza kama limekanyaga ganda la ndizi, nikajikuta mtaroni, pale pale nilipokuwa nikijiona siku zote. Goti limechubuka na mkono wa klachi umepinda. Miwani ilikuwa mbali kidogo kwenye majani. Mama Ombui alisema, "Kumbe leo plagi imepona, sasa dereva ndiye mgonjwa!" lakini alishuka mtaroni akanisaidia kuiinua, na hakucheka tena alipoona damu. Nyumbani nilisema nimejikwaa.

Kwa hiyo mambo yamekuwa hivi: zamani nilikuwa nafunga, na sikuanguka hata siku moja. Jana nilifungua kama ulivyoniagiza, na nimeanguka. Niambie basi ni lipi sahihi.

Wako mtiifu,
Alfayo Onsongo


Kisii Mjini
Jumamosi, 29 Juni 1974

Alfayo,

Ulifungua tangu nyumbani? Bila kubakiza? Mpaka mama yako akashangaa?

Nilisoma barua yako nimesimama, na sikucheka. Nilikuambia kidogo. Lakini kosa ni langu, si lako. Kona haifundishwi kwa kalamu. Ungevunjika ningemwambia nini mama yako, ambaye hata kumtazama usoni siruhusiwi? Habari za Mafarisayo sikuelewa zimeingiaje, ila nimeona una hasira, na una haki.

Nyangate alipita tena gereji. Nitamwambia aje aichukue mwisho wa Julai. Usiingie mbio. Mkono wa klachi usiunyooshe mwenyewe, utakatika.

Rudi kwenye vitabu vyako. Huko hakuna mtaro.

J. Okeyo


Kisii Mjini
Jumapili, 7 Julai 1974

Alfayo ndugu yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa Ekegusii, kwa sababu mume wangu ataisoma barua hii kabla sijaitia kwenye bahasha, na nataka aisome.

Wiki nzima amekuwa na uso wa mtu aliyefiwa. Jana, Sabato ilipokwisha, nilichukua barua yako mfukoni mwake nikaisoma. Nilicheka mpaka Anyiko akaamka akaanza kulia, nami sikuweza hata kumnyamazisha.

Nikamwuliza, "Baba Anyiko, ulimwambia kijana aache kufunga nini?"

Akasema, "Mafuta! Mkono wa mafuta! Kuna kitu kingine cha kufunga kwenye pikipiki?"

Nikamwambia, "Umeoa nyumba ya Wasabato mwaka wa tatu huu, na bado hujui sisi tunafunga nini?"

Niliona maneno yakiingia kichwani mwake moja moja, kama kuku jioni. Halafu akasema, "Kwa hiyo alipofungua tangu nyumbani, bila kubakiza…"

"Alikunywa uji," nikamwambia. "Na mama alishangaa kwa sababu Jumapili zote ulikuwa ukibaki kwenye sufuria."

Omogaka huyu, mtu mzima, alicheka akiwa amekaa chini, mgongo ukutani, machozi yakimtoka. Wewe unaandika habari za tumbo, yeye anaandika habari za mafuta, na nyote wawili mmesoma kuliko mimi. Ninyi wanaume mkipewa neno moja mnaweza kulipigania mpaka kaburini.

Sasa ameketi hapa pembeni na ananiambia niandike hivi. Ulianguka kwa sababu katikati ya kona uliogopa, na mkono wako wa kulia ukafunga mafuta wenyewe, bila kukuuliza. Ukifunga ghafla ndani ya kona, uzito wote unatupwa mbele, na gurudumu la mbele haliwezi kubeba uzito na kugeuka kwa pamoja. Funga kabla ya kona, ungali umenyooka. Ukiingia, fungua kidogo, na ushikilie hivyo hivyo, mpole, kama anayemimina maziwa kwenye kibuyu chenye mdomo mwembamba. Anasema tena: mdomo mwembamba. Mbio ziko pale pale kama unazitaka, na Nyangate atangoja.

Hayo ni yake. Haya ni yangu. Kula kwanza. Mungu anasikia hata walioshiba, na sidhani anafurahi kuona mtoto akizunguka konani kichwa kikimzunguka kwa njaa.

La mwisho nataka alisome pia. Siku moja mwulize kwa nini pikipiki iko Sironga na mwenyewe yuko Kisii.

Dada yako,
Abigael


Sironga, Nyamira
Jumapili, 21 Julai 1974

Kwa Shemeji Jeconia,

Nisamehe kwa ile barua ya Mafarisayo. Nikiikumbuka masikio yanawaka moto. Mwalimu wetu wa Kiswahili hutuambia tuandike kitendwa baada ya kitenzi, nami nilidhani ni kwa ajili ya mtihani tu.

Mkono wa klachi ulioutuma na dereva wa lori umefika na nimeufunga mwenyewe. Unaona? Nimefunga tena. Neno hili halitaki kuniacha.

Nimeipita kona. Si leo tu, Jumapili iliyopita pia. Ya kwanza nilipita polepole kiasi kwamba kuku alinipita kwa upande wa ndani. Nilifunga mafuta mapema, kwenye mkaratusi wa kwanza, nikaingia, na pale katikati mkono wangu wa kulia ukataka kufunga ghafla. Niliuhisi ukitaka. Ulikuwa kama mkono wa mtu mwingine. Nikaukataza, nikafungua kidogo sana, na mashine ikatulia chini yangu kama ng'ombe aliyewekewa majani. Nilipotokea upande wa pili nilikuwa napiga kelele, na sijui nilikuwa nasema nini. Mama Ombui aliniambia baadaye kwamba nilikuwa naita jina la Abigael.

Leo nimepita mara nyingi, kwenda na kurudi, mpaka Baba akatuma mtu kuuliza kama nimepoteza kitu barabarani.

Nataka kukwambia ukweli mmoja, kwa sababu vitabuni huandikwa vingine. Hofu haikutoka. Nilidhani nikishinda kona moja, itaondoka. Bado ipo. Ila zamani ilikuwa imesimama mbele yangu katikati ya njia, na sasa imekaa nyuma kama abiria. Nahisi inavyonishika kiunoni, lakini usukani si wake.

Baba nimemwambia habari za mbio. Akauliza ni siku gani. Nikamwambia Jumapili, tarehe ishirini na tano Agosti. Akasema, "Jumapili si Sabato. Nenda. Lakini usimletee mama yako machela." Mazoezi ya uwanjani yatakuwa Jumamosi, na hayo sitakwenda. Wengine watakuwa wameshaujua uwanja, mimi nitaukuta asubuhi ya mbio. Hilo linanitisha kuliko yote.

Shemeji, Abigael aliniambia nikuulize jambo. Sipendi kuuliza watu mambo yao, lakini nauliza. Kwa nini pikipiki iko kwetu?

Wako,
Alfayo


Kisii Mjini
Jumamosi, 17 Agosti 1974

Omera Alfayo,

Kwanza nimesikia umefunga shule salama. (Shule, si mafuta.) Samahani kwa kuchelewa. Kazi imekuwa nyingi gereji.

Ulichouliza ni rahisi. Nyumba yetu ya kupanga haina mahali pa kuweka pikipiki, na wezi wa mjini wana ufunguo wa kila kitu. Kwenu kuna ghala. Ni hivyo tu. Dada yako anapenda kupika chungu kikubwa kwa viazi viwili.

Sasa mbio. Uwanja ni nyasi, na kuna kona mbili tu, moja kila ncha. Ya kwanza ni pana, haina shida. Ya pili ina mteremko, na chini yake kuna ua wa waya. Wengi hutazama ule waya. Wewe usiutazame, kwa maana mtu huenda anakotazama. Kamba ya kuanzia ikidondoka, waache wenye fujo watangulie, wataangushana wenyewe. Vaa kofia ngumu niliyotuma, hata kama ni kubwa. Weka kitambaa ndani. Miwani ifunge kwa kamba nyuma ya kichwa.

Usijali kuhusu mazoezi ya Jumamosi. Mimi nitakuwa pale Jumapili. Nitasimama kona ya pili, upande wa nje, na kofia yangu nyekundu ya kusuka. Usitazame waya, tazama kofia yangu. Ukiiona tu, fungua.

Na ule kwanza! Hili ni agizo la dada yako. Mimi sitatumia tena neno lile lingine kwenye karatasi.

Wako,
Jeconia


Sironga, Nyamira
Jumanne, 27 Agosti 1974

Kwa Shemeji Jeconia,

Nakuandikia habari za juzi kwa sababu hukuziona.

Nilikula uji na viazi vitamu. Mama alisimama mlangoni akinitazama nikila, na nilipomaliza aliniongezea bila kuuliza. Baba aliomba, sala fupi, na nikaondoka mapema kabla barabara haijajaa watu.

Pale uwanjani walikuwa wamefika vijana wengi kuliko nilivyotazamia. Wote walikuwa wanajuana kutokana na mazoezi ya jana yake. Mmoja wao anaitwa Omwenga, mtu wa Mosocho, mwenye koti la ngozi na mdomo mrefu. Aliponiona akasema, "Mwalimu! Umeleta miwani usome nyasi?" Wengine wakacheka. "Msimguse," akaongeza, "akianguka atatuandikia insha."

Sikujibu. Unajua kwamba sijibu. Lakini Omwenga alipoitazama pikipiki alipitisha kidole kwenye lile bonyeo la tangi la mafuta, upande wa kushoto.

"Hii si ya Okeyo? Yule wa gereji?"

Nikasema ni ya shemeji yangu.

Akaacha mzaha kabisa. Akasema, "Sisi ndio tuliomtoa chini yake, mwaka jana, pale kona ya pili. Mguu ulivunjika mahali pawili. Alikuwa anaongoza, yule jamaa, hakuna aliyekuwa karibu naye. Tuliambiwa ameapa hatapanda tena maishani. Hata gereji, akimaliza kutengeneza pikipiki, mwingine ndiye huijaribu barabarani."

Halafu akanikaza kamba ya kofia, kwa sababu ilikuwa imelegea, akaenda kwenye mashine yake.

Shemeji, niliketi pale nikaelewa kwa pamoja lori la majani chai, na baridi ya mguu, na ghala letu. Nilitazama kona ya pili. Watu walikuwa wamejaa kwenye waya. Nilitafuta kofia nyekundu. Nilijiambia hujafika tu, labda umekawia kwa sababu ya Anyiko.

Kamba ilidondoka. Wenye fujo walitangulia kama ulivyosema, na wawili walikwaruzana kabla hata ya kona ya kwanza, nikapita pembeni. Kona ya kwanza ilikuwa pana kama ulivyosema. Halafu nikaiona ya pili. Nyasi pale zilikuwa zimechanwa na mazoezi ya Jumamosi, udongo mwekundu umetokeza, na mteremko ulikuwa mkali kuliko nilivyouchora akilini. Nilitazama upande wa nje. Kulikuwa na kofia nyingi. Yako haikuwapo.

Hapo hofu ilitoka kwenye kiti cha nyuma ikaja mbele. Nakueleza kama ilivyokuwa. Niliona waya tu. Nilimwona mtu amelala chini ya pikipiki, na mara hii hakuwa mimi, ulikuwa wewe. Mkono wangu wa kulia ulianza kurudi. Nilifunga kidogo, na gurudumu la mbele likaanza kuteleza, taratibu, kama lilivyofanya kwenye mikaratusi. Nikalijua. Nilikuwa nimewahi kufika mahali pale, na nilikumbuka kwamba mtaroni kulikuwa na majani, na goti, na Mama Ombui, na kwamba baadaye nilikwenda nyumbani. Sikuwaza zaidi ya hapo. Nilihamisha macho yangu kutoka kwenye waya nikayapeleka kule njia inakokwenda, kwenye bega la Omwenga aliyekuwa mbali, na nikafungua. Kidogo, mdomo mwembamba. Gurudumu likashika. Nikapita.

Kila mzunguko uliofuata niliogopa pale pale, na kila mara nilifungua pale pale. Omwenga alishinda. Mimi nilikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Nyuma yangu alikuwapo mmoja tu, naye alikuwa amekaa kwenye nyasi akitafuta kiatu chake.

Nyangate alikuwa amekuja kutazama mali yake. Alinijia nikiwa navua kofia na akasema, "Mwambie Okeyo abaki nayo. Mashine iliyozoea kukimbia hivi, viboko wangu watafika Kisumu bila masikio."

Kwa hiyo pikipiki ni yangu ya kupanda. Ulitoa ahadi, na najua ungeitimiza.

Lakini umenifundisha kona ambayo wewe mwenyewe hujairudia, na sikuandikii hivi ili kukuaibisha. Niliisukuma pikipiki hii mbele ya wasichana wa kisimani kwa miezi, nikisema ni plagi. Wewe uliisukuma kutoka Kisii mpaka Sironga kwa lori, ukisema ni wezi. Ni jambo lile lile, ila yako ina mlima mrefu zaidi. Na mimi nilikuwa na mtu wa kumwandikia, wewe ulikuwa na mimi tu, nami nilidhani unazungumzia uji.

Jumapili ijayo nitakuwa kwenye mikaratusi tangu asubuhi. Usije nyumbani, chinsoni ipo pale pale na Mama hataki kukimbilia nyuma ya ghala. Njoo mpaka konani tu. Sitavaa kofia nyekundu kwa sababu sina, lakini nitasimama upande wa nje, na utaniona kwa miwani. Ule kwanza.

Baada ya mbio nilifanya hivi. Sikushika njia ya Nyamira. Nilipanda pikipiki mpaka nyumbani kwenu mjini, na Abigael akanifungulia lango. Alikuwa amembeba Anyiko mgongoni. Nikamwuliza uko wapi. Akasema, "Alivaa kofia yake asubuhi, akafika karibu na uwanja, akasikia injini zikiwashwa, akarudi. Yuko gereji. Amejifungia." Nilitaka kuja kukugongea, nikaona haya, nikaacha. Niliifuta pikipiki vumbi na udongo kwa kitambaa kilichokuwa ndani ya kofia, nikaiegesha ukutani, mahali ambapo utaiona ukitoka ndani na ukiingia. Mafuta yaliyobaki yanatosha kufika Sironga. Ufunguo nilimpa Abigael mkononi. Nilikunywa chai yote, nikaaga, nikatembea mpaka kituo, nikapanda basi la Nyamira, na kutoka pale niliposhuka nikaenda kwa miguu.

Nilipofika konani jua lilikuwa bado lipo. Mama Ombui alikuwa anajaza mtungi.

"Alfayo, leo iko wapi?" akaniita. "Imekufa?"

Nikamjibu kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya bonde, hata wasichana wakageuka: "Imerudi kwa mwenyewe, mama! Atakuja nayo Jumapili!"

Kisha nikaipita kona kwa miguu, mikono mitupu, nikaenda nyumbani, nikala.

Shemeji yako,
Alfayo Onsongo